Kishikwambi cha Mwalimu na Deni la Musoma

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilipomalizika, Serikali ilifanya jambo ambalo si la kawaida katika historia ya zana za umma. Vishikwambi vilivyotumika kuwahesabu Watanzania milioni 61.7 havikufungiwa ghalani vikangoja kutu na mchwa, bali vilikabidhiwa kwa walimu. Pamoja na vingine vilivyoongezwa, vishikwambi karibu 300,000 vilipelekwa katika shule na vyuo vya ualimu kote nchini. Chombo kilichopita nyumba kwa nyumba mjini Musoma, katika vijiji vya Bunda na vitongoji vya Butiama kikiuliza kila kaya ina watu wangapi, kikarudi kwa mwalimu ili kisaidie kuwafundisha watoto wa nyumba zile zile.

Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na hapana sababu ya kuupunguzia sifa. Mali ya umma iliyonunuliwa kwa shughuli moja ilipewa shughuli ya pili, tena shughuli bora kuliko ya kwanza. Lakini miaka imepita sasa tangu mwalimu apokee chombo chake na kutia sahihi, na muda umetosha kuuliza swali ambalo maofisa elimu, walimu wakuu na walimu wenyewe hawana budi kulijibu bila kuoneana haya. Kishikwambi kimemfundisha mtoto nini? Haiulizwi kimepeleka taarifa ngapi wilayani, wala kimepokea maagizo mangapi kutoka makundi ya ofisi. Mtoto wa darasa la nne katika shule isiyo na maktaba amejua nini leo ambacho asingekijua kama kishikwambi kisingefika?

Swali hilo lina mahali pake pa kuulizwa, napo ni Mkoa wa Mara, kwa kuwa mkoa huo una jina katika historia ya elimu ya nchi hii.

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Haukuwa wakati wa neema. Mvua zilikuwa zimekosekana, nchi ilikuwa ikinunua chakula nje, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ulimwenguni kote, na wananchi kwa mamilioni walikuwa wakihamia katika vijiji vipya. Mtu mwenye hesabu za tahadhari angetarajia kikao cha namna hiyo kiahirishe mambo. Azimio la Musoma lilifanya kinyume chake. Shabaha ya kumpatia kila mtoto elimu ya msingi, ambayo mipango ya awali iliiweka mwaka 1989, ilirudishwa nyuma hadi Novemba 1977. Miaka kumi na mitano ikawa mitatu. Azimio lilitaka pia elimu na kazi visitengane, na likaagiza kwamba kijana asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni bali apitie kazini kwanza. Agizo hilo la mwisho lilipoonekana kupunguza idadi ya wasichana Chuo Kikuu, wao waliondolewa sharti hilo baada ya muda mfupi. Inafaa kukumbukwa kwamba hata Azimio zito liliweza kurekebishwa pale ushahidi ulipodai hivyo.

Aliyeongoza kikao kile aliujua mji ule tangu utotoni. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage Nyerere alitoka Butiama akaenda kwa miguu hadi Shule ya Mwisenge mjini Musoma, safari ya zaidi ya kilometa 40. Alimaliza masomo ya pale na mwaka 1937 akaenda Tabora. Watoto wengi wa Uzanaki wa rika lake hawakupata kufanya safari hiyo, na si kwa sababu walikuwa na akili ndogo kuliko zake. Azimio la mwaka 1974 linaeleweka vizuri zaidi likisomwa na kumbukumbu hiyo kando.

Matokeo yake yanajulikana. Watoto wa shule za msingi waliokuwa wapatao milioni 1.2 mwaka 1974 walizidi milioni 3 kufikia mwaka 1980. Hapakuwa na nchi nyingi maskini zilizofanya hivyo kwa muda mfupi kiasi hicho. Lakini madarasa yalitoka wapi, na walimu je? Madarasa yalijengwa na wanavijiji kwa udongo na nyasi, na yalipokosekana mti wenye kivuli ulitosha. Walimu walitafutwa miongoni mwa vijana waliokuwa wamemaliza darasa la saba. Walipewa darasa asubuhi, na wao wenyewe wakawa wanafunzi mchana. Walijifunza kazi kwa vijitabu vilivyotumwa, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa wakufunzi waliowatembelea, kisha wakaitwa chuoni kwa muda mfupi kabla ya kuthibitishwa. Makumi ya maelfu ya vijana walipita njia hiyo. Wananchi, ambao hawakosi maneno, waliutazama mpango huo wa UPE wakaupa tafsiri yao: Ualimu Pasipo Elimu.

Mzaha ule ulikuwa na ukweli ndani yake, lakini ulikuwa na ukatili pia. Kijana wa miaka kumi na minane aliyepewa watoto themanini, kitabu kimoja na ubao uliochongwa na fundi wa kijijini hakuomba hali ile. Wengi wa makarani, wauguzi, wahandisi na walimu wakuu waliostaafu katika miaka ya karibuni walijifunza herufi ya kwanza kwa mwalimu wa namna hiyo. Anayemcheka mwalimu wa UPE leo aanze kwa kuuliza ni nani aliyemfundisha baba yake kusoma.

Hata hivyo gharama ilikuwapo, nayo ililipwa kwa muda mrefu. Idadi ilitangulia, ubora ukabaki nyuma ukihema. Vitabu havikutosha, nyumba za walimu hazikujengwa, na hali ya uchumi ilipozidi kuwa ngumu mchango wa wazazi uliingizwa katika shule za msingi mwaka 1984. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya watoto waliopaswa kuwa darasani ilikuwa nje ya darasa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, watoto wakafurika tena, na kwa mara ya pili nchi ikajikuta ikiwatafutia walimu watoto waliokwisha kuketi chini. Kosa halikuwa la shabaha iliyowekwa Musoma. Shabaha ilikuwa ya haki. Kilichokosekana ni mwalimu kuandaliwa kwa kasi ile ile ambayo mtoto aliitwa nayo. Hilo ndilo deni la Musoma, nalo halijalipwa lote.

Upande wa mitambo, mwaka ule ule wa 1974 uliacha kumbukumbu nyingine ambayo husimuliwa mara chache. Serikali ilikuwa imeanza kutumia kompyuta Hazina tangu katikati ya miaka ya 1960. Mfumo wa hesabu ulipowekwa katika mashine hizo, mambo yalivurugika kiasi cha kuwarudisha watumishi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 likatolewa agizo la kuzuia kompyuta na televisheni kuingizwa nchini bila kibali maalumu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi katika muongo ule ule, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Yapo mengi ya kusemwa juu ya agizo lile, na vijana wa leo hulisimulia kama kichekesho. Si kichekesho. Nchi iliyonunua mtambo wa gharama bila kuwa na watu wa kutosha wa kuuendesha iliungua kidole, kisha ikauogopa moto kwa miaka mingi. Woga huo ulikuwa na hasara yake. Lakini kilichoshindwa Hazina hakikuwa chuma peke yake. Chuma kiliwekwa mezani kabla ya mtu wa kukiendesha kuwa tayari.

Wakati kompyuta ikifungiwa mlango, redio ilikuwa imekwisha kufanya maajabu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wiki baada ya wiki kwa majuma kumi na mawili, wakajifunza habari za malaria, kichocho, maji safi na vyoo. Baada ya kipindi kumalizika redio ilizimwa na mazungumzo yakaanza. Kitabu kilifunguliwa, kiongozi wa kikundi akauliza maswali, na kikundi kikaamua la kufanya kabla ya wiki iliyofuata. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Siri ya mafanikio hayo haikuwa sauti ya mtangazaji wa Dar es Salaam, japokuwa ilikuwa sauti nzuri. Siri ilikuwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, ambao walifundishwa kazi yao kwanza, kutoka taifa hadi mkoa, kutoka mkoa hadi wilaya, kutoka wilaya hadi kijiji, kabla kipindi cha kwanza hakijasikika.

Mikoa ya Ziwa ilikuwa imeonja utaratibu wa namna hiyo mapema zaidi. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, uliendeshwa katika mikoa minne ya Ziwa, Mara ukiwa mmojawapo. Mkulima hakuanza kusoma kwa sentensi zisizomhusu. Alisoma juu ya pamba, mvuvi juu ya uvuvi, mfugaji juu ya ng'ombe. Waliokwisha kujua kusoma walitolewa gazeti lao la vijijini lililochapishwa Mwanza, Elimu Haina Mwisho, ili wasisahau walichojifunza. Kufikia mwaka 1986 ilikadiriwa kwamba watu wazima 90 katika kila 100 nchini walijua kusoma na kuandika. Kazi hiyo ilifanywa kwa chaki, karatasi na taa ya chemli. Lakini mbele ya kila ubao alisimama mtu aliyefundishwa namna ya kufundisha watu wazima, na aliyejua pamba ni nini.

Asiyependa kusikia habari za zamani atazame stendi ya mabasi ya Bunda. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata. Leo mama anayeuza dagaa katika mwalo wa Mwigobero mjini Musoma hupokea malipo ya mteja wa mbali kabla gunia halijapanda gari, na mtumishi wa umma aliyepo Musoma humtumia mzazi wake kijijini Butiama fedha ya dawa jioni ile ile. Wapo wanaodhani kwamba simu ndiyo iliyoleta mapinduzi hayo. Simu zilikuwapo kabla. Kampuni ziliweka wakala. Chini ya mwavuli, kwenye kibanda cha mbao, kando ya duka la vipuri vya baiskeli, aliketi mtu mwenye daftari aliyemwelekeza bibi kizee abonyeze wapi, akamwonya asimpe mtu namba yake ya siri, na kesho yake akawa palepale bibi aliporudi na swali lile lile. Wafanyabiashara walimlipa mtu huyo kwa kila muamala. Walielewa jambo ambalo ofisi za elimu hazijalielewa vya kutosha.

Kishikwambi kilifika shuleni peke yake. Kilikuja na sanduku lake, chaja yake na fomu ya makabidhiano. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya kwanza ya kuku huyu ilikuwa hofu: kikipotea, mwalimu atajibu. Kwa hiyo katika shule kadha wa kadha chombo kilikaa kabatini kikiwa kimefungwa kwa kufuli, kikatolewa siku ya kupokea wageni na kurudishwa wageni walipoondoka. Mwalimu mkuu aliyefanya hivyo hakuwa mvivu. Hati aliyotia sahihi ilimwajibisha kwa chombo kupotea, na haikumwajibisha kwa kutokitumia.

Kamba ya pili ni umeme. Serikali ilitangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme, na hiyo ni kazi kubwa ambayo kizazi cha mwaka 1974 kisingeiota. Lakini umeme kufika kijijini si umeme kufika darasani. Waya hupita barabarani, nguzo husimama mbele ya zahanati na mashine ya kusaga, na shule iliyo kilometa mbili ndani hubaki ikiutazama mwanga huo usiku. Palipo na umeme, mara nyingi upo ofisi ya mwalimu mkuu tu, na soketi ni moja.

Kamba ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni bando. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana katika Maktaba Mtandao. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, ina mambo ambayo mwalimu wa zamani hakufundishwa chuoni, ukiwamo mkondo wa amali ambao kwa kweli ni mtoto wa Azimio la Musoma aliyerudi nyumbani kwa jina jingine. Maarifa anayoyahitaji mwalimu yapo mtandaoni. Nani analipia njia ya kuyafikia? Mpaka sasa, katika shule nyingi, jibu ni mwalimu mwenyewe, kwa mshahara wake.

Hesabu ya shule inaeleza kwa nini. Ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, fedha iliyokuwa ikikaribia dola 10 za Marekani wakati ule. Kwa miaka mingi kiwango kilibaki hapo hapo huku shilingi ikipungua nguvu. Katika fedha hiyo, shilingi 6,000 zilikusudiwa kufika shuleni na 4,000 zikawa za vitabu. Shule ya Bunda vijijini yenye watoto 500 ilipata basi shilingi 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi, na fedha hiyo ndiyo inunue chaki, karatasi za mitihani, wino, vifaa vya michezo, na kuziba paa linalovuja. Mwalimu mkuu anayetoa bando la walimu kumi na wawili katika fungu hilo ama ni mchawi ama anaficha kitu.

Juu ya hayo yote likaja jambo la nne, ambalo watumishi wengi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanalijua kwa ncha za vidole vyao. Mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi wa watumishi, PEPMIS, ulichukua nafasi ya OPRAS iliyoanza mwaka 2004. Kusudi lake ni zuri. OPRAS ya karatasi ilikuwa imegeuka mazoea, mtumishi akijaza mwisho wa mwaka alichokumbuka, na mkuu wake akitia sahihi asichokisoma. Mfumo mpya unamtaka mtumishi aeleze kazi zake kwa vipande na kuonyesha utekelezaji. Lakini mwalimu wa shule ya pembezoni alianza kutumia jioni zake kutafuta mtandao ili aandike kwamba amefundisha, jioni ambazo angezitumia kuandaa atakachofundisha. Mkoa wa Mara una majabali mengi mazuri, na mwalimu anayepanda moja ili simu ishike haendi kutazama mandhari. Kishikwambi kiligeuka dirisha la ofisi kumchungulia mwalimu kabla hakijawa dirisha la mtoto kuutazama ulimwengu. Urasimu wa karatasi ulikuwa mbaya. Urasimu wa kioo unaomtoza mtumishi gharama ya kuupakia ni mbaya zaidi.

Wenye haraka kumfikia mwalimu kwa njia hiyo hiyo hawakungoja mafunzo. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikiendesha shughuli bila leseni. Wananchi walikuwa wamekwisha kuipa mikopo ya aina hiyo jina linaloistahili, kausha damu. Mkopo hutolewa kwa dakika chache, bila dhamana, riba yake huonekana siku ya kulipa, na anayechelewa hukuta ndugu zake, wakubwa wake wa kazi na hata wazazi wa wanafunzi wake wametumiwa ujumbe wa kumfedhehesha, kwa kuwa programu ilikwisha kunyakua orodha ya majina iliyomo ndani ya simu. Mwalimu ni windo zuri. Ana mshahara wa kila mwezi, ana heshima ya kulinda, na ana shida za katikati ya mwezi. Hatua ya Benki Kuu ilistahili pongezi. Lakini aliyempa mwalimu chombo bila kumfundisha kusoma masharti ya programu, kukataa ruhusa isiyo ya lazima, na kutambua mkopeshaji mwenye leseni, alimkabidhi jembe lisilo mpini, kisha akashangaa mtu mwingine alipoleta mpini wake mwenyewe kwa riba.

Itasemwa kwamba hayo yote yanahitaji fedha, na fedha hazipo. Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Shule zinahitaji umeme na bando, na hapo hapana njia ya mkato. Katika mwaka 2025 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilizidi milioni 90, na minara 758 ya vijijini iliyotiwa mikataba mwaka 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilikusudiwa kufikisha mtandao katika kata zilizosahauliwa. Taifa lenye mtandao mpana kiasi hicho laweza kukaa mezani na kampuni za simu likadai kwamba anuani za Maktaba Mtandao zifunguke kwenye kishikwambi cha mwalimu bila kukata bando. Kampuni hizo zimepata faida kwa watu hawa hawa. Kuwaomba si kuwaonea.

Nusu nyingine ya hoja si ya kweli, kwa sababu mtu wa kumsaidia mwalimu yupo tayari. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unazitaka shule ziwe na jumuiya za kujifunza ambamo walimu hukutana na kufundishana. Ukiutazama vizuri, huo ni ndugu wa kikundi cha redio cha mwaka 1973. Una watu, una mada na una shabaha. Unachokosa mara nyingi ni siku na saa isiyoguswa. Kikao cha jumuiya huahirishwa kwa ajili ya mgeni wa kata, kwa ajili ya takwimu za haraka, kwa ajili ya mwenge, kwa ajili ya msiba. Kipindi cha Mtu ni Afya hakikuahirishwa, kwa kuwa redio haikungoja mtu.

Ndani ya mkoa huu vipo pia vyuo ambavyo vingeweza kupewa kazi kesho asubuhi. Bunda ina Chuo cha Ualimu, na karibu yake kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Kisangwa, mmoja wa watoto wa miaka ile ya 1970 ambao wamedumu. Musoma ina Chuo cha Maendeleo ya Jamii cha Buhare. Butiama imepewa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Mwanachuo wa ualimu anayekwenda mazoezi ya kufundisha ana umri wa miaka ishirini na ushei, na kishikwambi mikononi mwake ni kama kijiko. Mwalimu wa miaka hamsini na mitano anayempokea shuleni anajua kumtuliza mtoto mkorofi kwa kumtazama tu, ujuzi ambao hauna programu. Waketishwe pamoja kwa maandishi, kama sehemu ya mazoezi yenyewe, mdogo amwonyeshe mkubwa chombo na mkubwa amwonyeshe mdogo darasa. Hilo halihitaji mfadhili.

Inabidi pia aibu iondolewe. Wapo walimu wazuri, wenye miaka thelathini kazini, ambao hawajawahi kuwasha kishikwambi chao mbele ya wanafunzi kwa hofu kwamba mtoto wa darasa la sita ataona vidole vyao vikitetemeka. Ofisa elimu anayekuja na kauli ya kwamba mwalimu asiyejua teknolojia hana nafasi anaiongeza hofu hiyo na kukirudisha chombo kabatini. Kijana wa UPE alichekwa vivyo hivyo, na waliomcheka hawakumsaidia hata kwa kipande cha chaki.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama, kama nyingine zote, huandaa bajeti zao kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Fungu la mtandao wa shule liandikwe humo kwa jina lake, mstari mmoja chini ya chaki, ili diwani aulizwe nalo na mkaguzi wa hesabu alione. Hati ya makabidhiano ya kishikwambi ibadilishwe, ili kinachovunjika darasani mikononi mwa mwalimu anayefundisha kihesabiwe kama kitabu kilichochakaa kwa kusomwa. Na wathibiti ubora wa shule, ambao fomu zao leo huuliza vishikwambi vilivyopo ni vingapi na vizima ni vingapi, waongeze safu nyingine tatu: wiki hii vimefundisha vipindi vingapi, darasa lipi, somo gani.